Maswali ya Wasomaji: Vali ya Redio Ndani ya Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alituachia redio ya mbao ambayo hadi leo, ikishapata moto kwa muda wa nusu dakika hivi, hutoa sauti nzito na laini inayowafanya wageni wakatize mazungumzo. Mimi kazi yangu ni kuhariri sauti kwa kompyuta. Nimesikia kuwa iliwahi kutengenezwa kompyuta yenye vali, yaani chupa ndogo za kioo za kukuza sauti, kama zile za redio hiyo ili muziki utoke vizuri zaidi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ninaweza kuweka vali kwenye kompyuta yangu nikapata utamu ule ule?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli, na wala haikuwa kazi ya fundi mmoja aliyejaribu mambo katika kibanda chake. Mwaka 2002 kampuni ya AOpen ya Taiwan iliuza ubao mama (ubao mkuu unaobeba sehemu zote za kompyuta) wa prosesa za Pentium 4 ulioitwa AX4B-533 Tube, na juu yake, katikati ya chipu na kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme), ilisimama vali moja ya kioo ya chapa ya Sovtek aina ya 6922, iliyotengenezwa Urusi. Kulikuwa na kichekesho ndani yake, kwa maana kompyuta zenyewe zilianza na vali: ile ENIAC ya Marekani, iliyokamilika mwaka 1945, ilikuwa na vali zaidi ya 17,000, na wahandisi walihangaika miaka mingi kuziondoa hadi transista, kifaa kidogo kinachofanya kazi ya vali bila kioo wala moto, kilichovumbuliwa mwaka 1947, ilipowapa njia.

Ili kujua vali hiyo ilifanya nini, tuanze na vali yenyewe. Ndani ya kioo kilichonyonywa hewa kuna kathodi, ambayo ikipashwa moto hutoa elektroni, na kuna anodi yenye chaji chanya inayozivuta elektroni hizo. Mwingereza John Ambrose Fleming aliishia hapo mwaka 1904, na kifaa chake kiliweza tu kupitisha umeme upande mmoja. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeweka kipande cha tatu mwaka 1906, yaani gridi, ambayo hukaa katikati na kufanya kazi kama lango la maji katika mfereji wa shamba la mpunga: mtu hulisogeza kwa nguvu kidogo, lakini maji yanayopita ni mengi. Sauti hafifu ikiingia kwenye gridi, hutoka kwenye anodi ikiwa kubwa. Ndani ya kioo kimoja cha 6922 mmewekwa vali mbili za namna hiyo, na ndiyo maana kimoja kilitosha kwa spika ya kushoto na ya kulia.

Sasa fuata safari ya wimbo. Katika kompyuta wimbo ni nambari tupu. Nambari hizo hupita kwenye chipu inayozigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, na baada ya hapo tu ndipo vali inapoupokea umeme huo na kuupeleka kwenye tundu la spika. Kwa hiyo vali iko mwisho wa mstari. Haizioni nambari, haiwezi kurudisha kilichokatwa wimbo ulipobanwa kuwa MP3, wala haiwezi kusafisha kosa lililofanywa na chipu iliyotangulia. Chipu za sauti za bao nyingi za wakati ule zilifuata kiwango cha AC'97 cha Intel, kilichojengwa juu ya sampuli (vipimo vya sauti vinavyoandikwa kwa nambari) 48,000 kwa sekunde, ilhali diski ya CD ina sampuli 44,100, hivyo mara nyingi nambari zililazimika kukokotolewa upya kabla ya kuwa sauti. Kuweka vali nzuri baada ya kazi ya namna hiyo ni sawa na kutia iliki katika chai iliyokwisha kuungua.

Utamu wa vali, hata hivyo, upo, na una maelezo. Vali ya gridi moja haikuzi sauti kwa unyoofu kamili. Huongeza kidogo kitu ambacho hakikuwamo. Ukiipa sauti ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, hutoa hiyo 440 pamoja na sauti ndogo ya hezi 880, ambayo ni noti ile ile kwa oktava ya juu. Kwa kuwa sikio limezoea oktava katika kila ala na kila koo la binadamu, halilalamiki. Husikia unene na joto. Kwa lugha ya vipimo huo ni upotoshaji, na sioni aibu kusema kwamba ni upotoshaji unaopendeza.

Lakini, ndugu msomaji, usiipe vali sifa yote ya redio ya babu. Redio ile ina spika pana ya karatasi iliyofungwa katika sanduku la mbao linalotetemeka pamoja nayo, ina transfoma kati ya vali na spika, na ikiwa unaisikiliza kwenye masafa ya kati, matangazo yenyewe huwa yamepunguzwa sauti kali za juu kabla hayajafika nyumbani kwenu. Ukiing'oa vali yake na kuitia katika kompyuta yenye spika ndogo za plastiki, utakuwa umehamisha sehemu ndogo tu ya unachokipenda.

Ndani ya kompyuta, tena, ni mahali pabaya kwa vali. Pawa saplai ya kompyuta hutoa volti 3.3, 5 na 12, wakati 6922 hufanya kazi vizuri anodi yake ikiwa na volti kama 90, kwa hiyo lazima kuwe na saketi ya kupandisha volti, ambayo nayo huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde na inaweza kuleta kelele yake karibu kabisa na sauti unayotaka iwe safi. Kuna pia mtetemo. Vali ni vyuma vyembamba vilivyoning'inia ndani ya kioo, na vikitikiswa hugeuza mtikisiko kuwa sauti. Diski kuu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutikisa mara 120 kwa sekunde, na hezi 120 ni mvumo unaosikika waziwazi. Feni nazo zina mtetemo wao.

Kinachonisikitisha zaidi katika ule ubao wa AOpen ni jambo ambalo halimo katika vipimo. Vali huchomolewa na kubadilishwa ikichoka, na mtu akipenda anaweza kuitumia miaka mingi. Ubao mama wa Pentium 4 ulipitwa na wakati baada ya miaka michache, na vali iliyokuwa bado nzima ikaenda kabatini pamoja nao.

Ushauri wangu ni kwamba vali ikae nje ya sanduku la kompyuta. Nunua kwanza kigeuzi kizuri cha nje kinachopokea nambari kwa waya wa USB na kuzigeuza kuwa umeme wa sauti, kisha kifuatiwe na amplifaya (kikuza sauti) ya vali yenye pawa saplai yake. Usivutwe na kifaa kinachodai kuendesha vali ya kawaida kwa USB peke yake bila kupiga hesabu: tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 kwa ampia 0.5, yaani wati 2.5, na kupasha moto kathodi za 6922 moja tu, kwa volti 6.3 na ampia 0.3, hula karibu wati 1.9. Zinazobaki ni chache mno. Na kwa kazi yako ya uhariri, tafadhali sikiliza bila vali. Mhariri anatakiwa kusikia kilichomo kwenye rekodi. Akiongezewa oktava na kifaa chake, atapunguza au kuongeza mahali pasipohitaji.

SWALI: Nilinunua mtandaoni kikuza sauti kidogo chenye vali mbili, kinachotumia adapta ya volti 12, nikakiunga na kompyuta. Mara tu ninapokiwasha, vali hung'aa rangi ya machungwa na muziki huanza papo hapo. Rafiki yangu ameniambia kuwa nimetapeliwa. Je, ni kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda umetapeliwa nusu. Mng'ao unaotokea papo hapo si wa vali, kwa sababu kathodi huhitaji sekunde kadhaa kupata moto, na mng'ao wake huwa mwekundu uliofifia unaoonekana vizuri gizani. Watengenezaji wengi wa vifaa vya bei nafuu huweka taa ndogo ya LED chini ya kila vali ili mnunuzi afurahi. Taa hiyo haina dhambi. Swali ni kama sauti inapita kwenye vali au inapita pembeni yake, na muziki kuanza bila kusubiri ni dalili ya hilo la pili.

Jaribio ni rahisi. Zima kifaa, chomoa adapta, subiri vali zipoe, kisha zitoe taratibu bila kuzipinda na uwashe tena. Muziki ukiendelea kama kawaida, vali zako ni pambo. Ukinyamaza, zinafanya kazi, ijapokuwa vifaa vya aina hii, ambavyo vingi hutumia vali ndogo ya Kichina iitwayo 6J1, huiendesha kwa volti chache sana kuliko ilizokusudiwa. Jaribio hili ni la vifaa vya adapta ya volti 12 tu. Amplifaya ya vali inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani usiifungue, kwani kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuizima.

SWALI: Je, hakuna vali ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya siku hizi?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Ipo. Mwaka 2015 kampuni ya Korg ya Japani, ikishirikiana na Noritake Itron, ilitangaza vali bapa iitwayo Nutube, iliyotokana na teknolojia ya vile vioo vyenye maandishi ya kijani ya kibuluu tulivyovizoea kwenye deki za kaseti na video. Korg inasema hula chini ya asilimia 2 ya umeme wa vali ya kawaida na hudumu saa 30,000, muda ambao kwa saa 8 kila siku ni zaidi ya miaka 10. Inaweza kuendeshwa hata kwa betri. Ugonjwa wa mtetemo, hata hivyo, haukuiacha. Ukiigonga kwa ukucha hulia kama kengele ndogo ndani ya hedifoni, kwa hiyo mafundi huifunga juu ya sponji au mpira laini na kuiweka mbali na feni.