Nyayo za wezi wa siwa: dadu irushwe mara ngapi?

SWALI: Shikamoo Dada. Mimi ndiye msimuliaji wa kundi letu la watu watano hapa Tabata. Kila Jumamosi tunacheza gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, kwa kanuni za Dungeons & Dragons tulizozipunguza wenyewe. Hadithi yetu ni ya mji wa pwani ulioibiwa siwa yake, ile baragumu ya heshima. Wezi tisa waliondoka nayo alfajiri, baada ya mvua ya usiku kucha. Wakapita ufukweni, wakaingia kwenye mikoko, kisha wakapanda miamba ya matumbawe. Tunarusha dadu ya nyuso ishirini, tunajumlisha nyongeza ya mhusika, na jumla lazima ifikie namba ya ugumu. Mwindaji wetu ana nyongeza ya 6 katika ujuzi wa porini. Niliweka ugumu wa 10 kwa udongo laini, nikaongeza 4 kwa ajili ya mvua, nikamtaka arushe dadu kila kilomita kwa kilomita sita. Mara ya tatu akashindwa, nyayo zikapotea, hadithi ikakwama. Anasema nimemwonea. Mimi naona 14 si namba kubwa. Nani ana haki?
Msimuliaji, Tabata

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwindaji wako ana haki, ila sidhani kama yeye mwenyewe anajua ni kwa kiasi gani. Tufanye hesabu. Kwa nyongeza ya 6 na ugumu wa 14, anahitaji dadu imwoneshe 8 au zaidi. Nyuso kumi na tatu kati ya ishirini zinamfaa, yaani asilimia 65. Hapo kweli umemtendea vizuri. Lakini umemtaka ashinde mara sita mfululizo, na 65 kwa 100 ikizidishwa yenyewe mara sita haifiki 8 kwa 100. Ulimpa mlango ulio wazi, kisha ukaweka milango mingine mitano nyuma yake. Kosa halikuwa kwenye 14. Lilikuwa kwenye ile "kila kilomita".

Nalijua kosa hili kwa sababu nililifanya miaka miwili mizima kwenye kibaraza chetu cha Sinza, na nilimpoteza mchezaji mzuri kwa ajili yake. Alikuwa amejenga mhusika mfuata nyayo, na kila nyayo zilipotokea alikuwa yeye wa kushindwa mbele ya wenzake. Hakurudi tena.

Sasa mvua. Kanuni za Dungeons & Dragons za toleo la mwaka 2000 zinaongeza 1 kwenye ugumu kwa kila saa ya mvua iliyonyesha tangu nyayo zilipokanyagwa. Soma tena hayo maneno: tangu zilipokanyagwa. Wezi wako walipita mvua ikiwa imeshakatika. Mvua iliyotangulia inalainisha udongo na kuupa unyayo kingo. Inayofuata ndiyo inayoufuta. Ile 4 haikustahili kuwepo. Kanuni hizo hizo zinapunguza 1 kwa kila watu watatu walio kwenye kundi linalofuatwa, kwa hiyo tisa wanapunguza 3. Kumi toa tatu ni saba, na mwindaji wako ana 6 hata kabla ya kugusa dadu. Watu tisa waliobeba siwa kwenye matope mabichi ya mikoko! Hapo usimrushishe chochote. Mwambie tu anachokiona.

Tena mwambie kwa ukarimu. Marehemu mjomba wangu alikuwa mwindaji kule Rufiji, naye akitazama njia hakusema "wamepita huku" akanyamaza. Alisema huyu ana mzigo, huyu mguu wa kushoto unamuuma, hapa walisimama. Mchezaji aliyechagua kuwa mwindaji anataka hayo.

Ufukweni nako hakuna dadu, kwa sababu nyingine. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano kutoka kujaa hadi kujaa. Kama maji yameshajaa tangu wezi wapite, chini ya mstari wa maji hakuna kitu, hata mwindaji awe na nyongeza ya 30. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mstari huo unapanda juu zaidi. Juu yake mchanga ni mkavu, na unyayo kwenye mchanga mkavu hubaki shimo lisilo na sura. Nenda Kigamboni asubuhi moja ukajionee. Waambie wachezaji mapema maji yatajaa saa ngapi, wachague wenyewe kukimbia au kuzunguka.

Dadu iwekwe kwenye matumbawe. Mwamba mtupu ni ugumu wa 20, katika toleo la 2000 na la 2014 pia. Toa 3 kwa ajili ya watu tisa, inabaki 17. Anahitaji 11 au zaidi: nusu kwa nusu. Hapo ndipo meza nzima inaposhika pumzi, na inatosha mara moja. Mimi hurusha pale ardhi inapobadilika tu, nami hutaja namba na sababu zake kabla dadu haijatoka mkononi. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, napunguza 2, maana kivuli kinaingia kwenye unyayo. Hiyo ni kanuni yangu, haimo kitabuni.

Na akishindwa? Nyayo zisiishe. Mjomba alipopoteza njia alirudi kwenye alama ya mwisho aliyokuwa na hakika nayo, akazunguka duara pana hadi aikute tena. Ilimgharimu muda. Mgharimu mwindaji wako muda vilevile: saa mbili kwa kila kosa. Akikosa mara moja, anawakuta wezi wakipakia jahazi. Akikosa mara mbili, tanga limeshapandishwa na inabidi watafute ngalawa.

Jumamosi hii anzeni pale pale mlipokwama, kwenye alama ya mwisho, na saa mbili zimepotea. Muombe radhi kwanza, mbele ya wote, kisha umwoneshe dalili mpya: tone la nta lililodondoka juu ya jiwe.