Mwanangu anasema wakati haupo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko mwaka wa kwanza chuoni. Juzi nimemgombeza kwa kurudi nyumbani usiku mkubwa, akanijibu eti mwanafalsafa mmoja Mwingereza, McTaggart, alishathibitisha kuwa wakati haupo. Ni kweli, au ananichezea akili? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Mtu huyo alikuwepo, na hilo alilisema. John McTaggart alizaliwa London mwaka 1866. Makala yake ya kuukana wakati ilitoka mwaka 1908 katika jarida la falsafa liitwalo Mind, na mimi ilinikosesha usingizi nikiwa mwanafunzi.

Hoja yake ni hii. Chukua harusi. Ilikuwa ya kesho, ikawa ya leo, sasa imepita. Harusi ni ileile moja, ila imebebeshwa sifa tatu zinazokataana. Utasema, “Lakini si zote kwa pamoja! Kwanza ilikuwa inakuja, halafu ikapita.” Hapo ndipo anapokudaka: hiyo “kwanza” na “halafu” ni wakati uleule unaotakiwa kuuthibitisha. Ukijitetea tena unarudi palepale, kama ngamia wa kinu.

Sasa kama wakati haupo, kuna nini? Kuna nafsi zinazopendana, alisema. Hakuamini kwamba Mungu yupo, lakini alishikilia kwamba roho haifi. Mchanganyiko huo sijaukuta kwingine.

Ninachompendea zaidi ni haya zake. Bertrand Russell, naye mwanafalsafa Mwingereza, enzi za uanafunzi wake Chuo Kikuu cha Cambridge, alisikia mlango ukigongwa taratibu. Akaitikia, “Karibu.” Kimya. Akarudia kwa sauti. Mlango ukafunguka, na McTaggart kasimama kwenye zulia la mlangoni, anaona haya kuingia. Russell naye akaona haya kumkaribisha ndani. Na huyo ndiye ambaye sifa zake za falsafa zilikuwa zikimtisha kijana wa watu!

Si wote waliokubali. Mwanafalsafa mwingine, G. E. Moore, mara ya kwanza kumsikia akisema wakati si kitu halisi, aliona ni kioja kitupu, akabishana naye kwa nguvu zote.

Ila mwanao amekupa nusu tu. McTaggart hakukana kwamba mambo yanatuonekea yakifuatana. Yeye mwenyewe alifundisha Chuo cha Trinity, hukohuko Cambridge, tangu 1897 hadi 1923, na vipindi vya chuo vina saa zake. Mwanao akipiga hodi tena usiku wa manane, kabla hujafungua muulize ni saa ngapi.