Tiketi za Gion Matsuri, Kyoto

Umeuliza kama ni lazima kununua tiketi ili kuiona Gion Matsuri, ile sherehe ya mji wa Kyoto, Japani. Hapana, si lazima. Zile unazoziona zikiuzwa ni za viti vya mtaa wa Oike tu. Ukisimama kando ya barabara hulipi hata yen moja. Nimesoma Kyoto na sijawahi kukikalia hicho kiti.

Sherehe ni Julai nzima, ila msafara wa mikokoteni mikubwa iliyopambwa ni tarehe 17 na 24, asubuhi. Nenda 17, ndiyo yenye mikokoteni mingi. Wahi kwenye kona ya mitaa ya Shijo na Kawaramachi kabla ya saa tatu. Magurudumu ya mikokoteni hiyo hayana usukani, kwa hiyo ili kuigeuza hapo kwenye kona wanatandika mianzi iliyopasuliwa chini yake, wanaimwagia maji, halafu vijana wanavuta kamba kwa mpigo mmoja mpaka dude zima linateleza upande, huku wenzao waliosimama mbele wakipunga vipepeo vya mkono, vile vya kujipepea. Haligeuki kwa mara moja, wanarudia. Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo kuliko kitu chochote cha Oike.

Vibanda vya vyakula barabarani ni jioni ya tarehe 15 na 16. Ukienda kwa ajili ya 24 usivitegemee. Na jua la Julai kule lina unyevu kama Dar mwezi wa pili, beba maji. Mvua ikinyesha msafara kwa kawaida unaendelea, wanafunika mapambo kwa plastiki tu.