Gorila Rungwe? Hakuna, ila kuna kipunji
Kaka uliyeuliza kama Mlima Rungwe, kule Mbeya, Tanzania, una gorila, umedanganywa. Gorila wa milimani wako Uganda, Rwanda na Kongo tu. Rwanda mtalii wa Ulaya analipa dola 1,500 kuwatazama saa moja!

Ila kwenye mlima huo, juu ya mji wa Tukuyu, yupo kipunji, kima wa kahawia mwenye mkia mrefu na nywele zilizosimama utosini. Wanasayansi walimgundua 2003, wakati wawindaji wa Kinyakyusa walishamjua kwa jina hilo hilo. Sauti yake ni kama honi inayobweka. Anakaa juu sana mitini, kwa hiyo chukua mwongoza njia wa pale na darubini. Na buti za mvua, Rungwe haina mchezo.