Maswali Yenu: Kuweka Programu kwenye Linux bila Kuvuruga Mfumo

Maswali ya safari hii yametoka kwa watumiaji wa Debian, Ubuntu na Mint, ambazo ni aina za Linux, kwa hiyo amri zote zilizomo humu ni za familia hiyo. Neno `sudo` mwanzoni mwa amri huiendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Wenye Fedora au Arch wana amri zao.

SWALI: Nilipakua programu ikiwa faili la .deb (kifurushi cha programu) nikaiweka kwa `sudo dpkg -i`. Skrini ikajaa maneno "dependency problems", na tangu hapo apt, kisakinishi cha mfumo, inagoma kuweka programu nyingine yoyote. Je, nisakinishe mfumo upya?

JIBU: Usisakinishe upya. Amri ya dpkg hushughulikia lile faili uliloipa tu. Haiendi kwenye intaneti kutafuta chochote. Ikikuta kwamba programu yako inahitaji maktaba (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi) ambazo kompyuta haina, hukifungua kifurushi, hukiweka kwenye diski, kisha hukiacha bila kukisanidi. Nayo apt ikikuta kifurushi kimeachwa njiani, haikubali kuongeza kingine hadi hicho kimalizwe. Andika:

`sudo apt update`
`sudo apt --fix-broken install`

Kabla ya kubonyeza Y, soma orodha inayoonyeshwa. Ikiwa apt inataka kuleta maktaba zinazokosekana, kubali. Ikiwa inataka kuiondoa ile programu yako, ujue maktaba hizo hazimo katika toleo lako la mfumo; kubali pia, kisha utafute .deb iliyotengenezwa kwa ajili ya toleo lako. Ukiona inataka kufuta vifurushi vingi usivyovijua, bonyeza n na usiendelee hadi uelewe sababu.

Mfano unaowasumbua wengi ni libssl1.1, maktaba ya OpenSSL 1.1 inayolinda mawasiliano kwa usimbaji. Ubuntu 22.04 na Debian 12 zilihamia OpenSSL 3, kwa hiyo programu iliyotengenezwa kwa matoleo ya nyuma haiikuti maktaba hiyo. Kuna wanaoshauri kuichukua kutoka toleo la zamani na kuilazimisha. Tunawasihi msifanye hivyo: mtabaki na maktaba ya usalama isiyopata marekebisho ya usalama.

Siku nyingine tumia apt hata kwa faili ulilolipakua:

`sudo apt install ./jina-la-faili.deb`

Zile alama `./` ni za lazima. Bila hizo apt hudhani unataja jina la kifurushi kilichoko kwenye hazina (ghala la programu la mfumo kwenye intaneti), na itakujibu kwamba haikipati.

SWALI: Naambiwa "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Nimeshauriwa nilifute faili hilo kwa `rm`. Ni salama?

JIBU: Si salama. Kuwepo kwa faili hilo si tatizo, kwani lipo wakati wote. Kinachokuzuia ni mchakato (programu inayoendeshwa) ulioshikilia kufuli, yaani zuio la programu mbili kufanya kazi hiyo pamoja, na ujumbe wenyewe hukutajia namba na jina lake. Mara nyingi ni unattended-upgr, yaani masasisho ya usalama yanayojiendesha yenyewe, hasa dakika za mwanzo baada ya kuwasha kompyuta. Ukilifuta faili, michakato miwili itaandika kwenye kumbukumbu za dpkg kwa wakati mmoja, na hapo ndipo uharibifu wa kweli unapoanza.

Subiri. Ukitaka kuona kinachoendelea, soma `/var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades.log`. Au iambie apt isubiri yenyewe, kwa mfano sekunde 300:

`sudo apt -o DPkg::Lock::Timeout=300 install jina-la-kifurushi`

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kufuli hujiachia lenyewe kwa sababu mchakato uliolishika haupo tena. Kinachobaki ni vifurushi ambavyo havijamalizwa, na dawa yake ni `sudo dpkg --configure -a`.

SWALI: Zamani niliweka maktaba za Python (lugha ya kuandikia programu) kwa `sudo pip install`, yaani kwa pip, kisakinishi cha maktaba hizo, bila shida. Tangu nihamie Debian 12 napata "externally-managed-environment". Nimeona kuna chaguo `--break-system-packages`. Nilitumie?

JIBU: Jina la chaguo hilo linasema ukweli: linaweza kuvunja vifurushi vya mfumo. Shida ilikuwepo hata zamani, ila ilikuwa haijitangazi. Maktaba zilizowekwa kwa sudo pip huenda chini ya `/usr/local/lib`, na Python huanza kutafuta huko kabla ya kufika kwenye maktaba zilizoletwa na apt. Sasa, programu kadhaa za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python. Ukileta toleo jipya la maktaba zinayoitegemea, zinalichukua hilo jipya ambalo hazikujaribiwa nalo, na siku moja zinakataa kufunguka bila wewe kukumbuka ulichogusa.

Anza kwa kutazama kama apt inayo maktaba unayoitaka. Majina yake huanza na `python3-`, kama `python3-requests`. Ikiwepo, na toleo lake linakutosha, kazi imeisha. Isipokuwepo, tengeneza mazingira ya pekee, yaani folda yenye maktaba zake yenyewe, kwa kila kazi:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv ~/mazingira/ripoti`
`source ~/mazingira/ripoti/bin/activate`
`pip install requests`

Angalia kwamba sudo imetumika mara moja tu, kwenye mstari wa kwanza. Ukiiweka mbele ya pip ndani ya mazingira hayo, utaita pip ya mfumo na kurudi kwenye kosa lilelile.

Kuna mambo mawili yanayowakwamisha watu baadaye. La kwanza, folda ya mazingira haihamishiki, kwa sababu njia yake kamili imeandikwa ndani ya mafaili yaliyomo kwenye `bin`. Ukibadilisha jina lake au mahali pake, pip yake haitafanya kazi. La pili, ukipandisha mfumo toleo jipya, Python nayo hubadilika: Debian 12 ina 3.11, Debian 13 ina 3.13, na maktaba zako hazitaonekana tena. Kwa hiyo andika orodha mapema kwa `pip freeze > mahitaji.txt`. Mazingira yakifa, futa folda, tengeneza nyingine, kisha `pip install -r mahitaji.txt`.

Kwa programu kamili za terminali, si maktaba, pipx ni rahisi zaidi: kila programu huitengenezea mazingira yake. Sakinisha `pipx` kwa apt, andika `pipx ensurepath`, funga terminali na ufungue upya.

SWALI: Nimeweka skripti yangu ndani ya `~/.local/bin`. Nikiiita naambiwa "command not found", ingawa faili naliona.

JIBU: Kwenye Debian na Ubuntu, faili la `~/.profile` huongeza folda hiyo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri) pale tu inapoikuta ipo wakati unaingia. Kama umeitengeneza leo, toka kwenye akaunti yako kisha uingie tena. Ukipata "Permission denied" badala yake, lipe faili ruhusa kwa `chmod +x`.

SWALI: Wakati wa kusasisha, mfumo umesimama ukaniuliza juu ya `/etc/systemd/logind.conf`: Y, N, D au Z. Nilikuwa nimelihariri ili kompyuta isilale nikifunga kifuniko. Nichague lipi?

JIBU: Bonyeza D kwanza uone tofauti. Ukichagua N, lako linabaki na jipya linawekwa kando likiwa na mwisho wa `.dpkg-dist`. Ukichagua Y, jipya linachukua nafasi na lako linahifadhiwa likiwa na `.dpkg-old`. Hakuna kinachopotea.

Ila unaweza kuliepuka swali hilo kabisa. Faili hilo ni la kifurushi; usilihariri. Chagua Y, kisha utengeneze faili lako pembeni:

`sudo mkdir -p /etc/systemd/logind.conf.d`
`sudo nano /etc/systemd/logind.conf.d/10-kifuniko.conf`

Ndani yake andika mistari miwili:

`[Login]`
`HandleLidSwitch=ignore`

Usisahau ule mstari wa kwanza, kwani bila huo wa pili haufuatwi. Hifadhi, washa kompyuta upya. Kama mazingira ya eneokazi yana mpangilio wake wa kifuniko, utazame pia, maana unaweza kuutangulia huu.

SWALI: Nimeondoa programu kwa `apt remove`, nikaiweka tena, na bado ina kasoro ileile.

JIBU: `remove` huacha mipangilio ya `/etc`, `sudo apt purge` huiondoa. Lakini hata purge haigusi folda yako ya nyumbani, na kwa programu za eneokazi kasoro mara nyingi huwa humo, ndani ya `~/.config`. Funga programu, badilisha jina la folda yake humo, mathalani kwa kuongeza `-zamani`, kisha uifungue tena. Ikipona, chomoa kutoka folda ya zamani vile unavyovihitaji, kimoja kimoja.