Jibu: Tour de France au Flanders, wapi utaona zaidi?

Umeuliza, kwa safari moja tu ya Ulaya, ukasimame barabarani kutazama mbio za baiskeli za Tour de France, Ufaransa, au zile za Tour of Flanders, Ubelgiji. Mimi ningekwenda Flanders bila kusita.

Tour ni sherehe, sikatai. Kabla ya waendeshaji kufika, unapita msafara wa magari ya matangazo ukirusha kofia na peremende, na watu wazima na akili zao wanazigombania. Lakini ukisimama sehemu ya tambarare, kundi zima linakupita kwa sekunde chache: upepo, mlio wa minyororo, kwisha. Kuziona sura zao lazima upande milimani, na huko barabara hufungwa mapema. Wengi hulala kwenye magari yao tangu jana yake.

Flanders kwa kawaida ni Aprili. Kwa miaka ya karibuni wanaume hupanda kilima cha Oude Kwaremont mara tatu na kile cha Paterberg mara mbili. Barabara ya Paterberg ni kama mita 360 tu, lakini imetandikwa mawe na mwinuko unafika asilimia 20. Aliyeishiwa pumzi hapo hajifichi: mabega yanayumba, tairi la nyuma linateleza, mate yamekauka mdomoni. Halafu unakula chipsi ukisubiri warudi.

Kama nauli ndiyo inakusumbua, kuna Tour du Rwanda, Februari, kutazama barabarani ni bure. Angalia kama ratiba inapita kilima cha barabara ya mawe cha Kimihurura, Kigali, kile cha mashindano ya dunia ya baiskeli ya 2025. Wahi, maana panajaa.