Kwa waratibu wapya wa afya shuleni, kabla hamjaandika barua za uteuzi

Nimesoma mihtasari ya vikao vyenu vya kwanza, nikacheka huku moyo unauma. Nyote mmeunda kamati ileile ya afya ya shule: mkuu wa shule mwenyekiti, mwalimu wa afya katibu, mganga wa kituo cha afya, kiongozi wa dini, mwakilishi wa wazazi asiyetajwa hata jina. Ajenda ya kwanza utambulisho, ya mwisho maandalizi ya uzinduzi. Wadogo zangu, mnazindua nini, na bado hamjui watoto wanaumwa nini?

1. Rejista kwanza, wajumbe baadaye. Fungueni rejista ya huduma ya kwanza na ya mahudhurio, mkiona tatizo liko wapi mtajua nani aitwe. Na msibebe mwongozo mzima. Ule wa WSCC, yaani mwongozo wa afya unaounganisha shule nzima, jamii nzima na mtoto mzima, uliotolewa Marekani mwaka 2014, una vipengele 10; viwango vya WHO na UNESCO vya shule zinazokuza afya, vya mwaka 2021, viko 8. Mwaka wa kwanza chagueni kimoja, mkimalize.

2. Mfanya usafi awe mjumbe kamili. Hapa nitakaa kidogo.

Shule moja niliyoisimamia, rejista yake ilijaa maumivu ya kichwa. Nikajisifu kwamba mimi natumia takwimu. Kamati ikakubali bila ubishi: watoto hawanywi maji. Mfadhili akapatikana, matangi yakaja, mabango yakabandikwa, nami nikasimama mbele ya mstari wa asubuhi kuhubiri maji. Muhula ukaisha, vichwa vinauma vilevile. Nikaandika kwenye ripoti, kwa mkono huuhuu, "mwitikio wa wasichana ni hafifu." Ripoti ikasifiwa.

Ukweli nilipewa na mama anayesafisha vyoo, siku nimesimama barazani nasubiri mvua ikatike. Alishangaa kuwa sijui. Milango ya vyoo vya wasichana haikuwa na makomeo, mmoja ulikuwa umeegeshwa tu. Wasichana wakubwa walikuwa wanajinyima maji tangu asubuhi ili wasilazimike kwenda, na wakiwa kwenye hedhi wengine hawaji kabisa. Mama yule alikuwa ameshamweleza mwalimu wa zamu, akajibiwa kwamba milango ni suala la ukarabati, kamati ya afya haihusiki.

Nikarudi kwenye rejista. Wasichana wa madarasa ya juu, saa za mchana, ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuwa nimehesabu vichwa bila kuangalia ni vya nani. Na si kwamba sikuwa na elimu. Mfumo wa FRESH, ule wa kimataifa wa afya shuleni uliozinduliwa Dakar mwaka 2000, unaweka maji salama na vyoo katika nguzo zake 4, na nguzo hizo nilikuwa nazifundisha mimi kwenye semina! Fundi alifunga makomeo asubuhi moja, kwa fedha pungufu ya zile za mabango. Matangi nimeshayasamehe. Sentensi ile ya ripoti sijaisamehe, maana niliwaandikia watoto kosa langu.

Kwa hiyo nikiuliza mlinzi yuko wapi kwenye orodha yenu, au mpishi, au dereva wa basi la shule, msidhani natania. Mlinzi anajua nani huja amechelewa huku analia.

3. Saa ya kikao waulizeni wazazi. Mkiita saa za kazi mtapata wastaafu, na wastaafu wanapenda kufungua mjadala upya.

4. Mkuu wa shule asiongoze kikao. Akiwa mwenyekiti, walimu husubiri aseme kisha wanaunga mkono. Lakini saini yake ni lazima, na kila azimio alisikie kutoka kwenu kabla halijamfikia kwa njia nyingine.

5. Wanafunzi wasipungue wawili, na wasiteuliwe viranja watupu. Mtoto mmoja kati ya watu wazima huitikia kila kitu. Wakiwa wawili, mmoja humkanyaga mwenzake mguu chini ya meza, hapo mjue kuna jambo, mnyamaze mngoje.

6. Jina la mtoto mgonjwa lisiingie kwenye muhtasari, hata kwa vifupisho. Kamati inajadili tatizo. Mtoto ana muuguzi wake na mshauri wake. Niliwahi kusikia mjumbe akimtaja binti "yule wa kifafa" mbele ya shangazi yake, ambaye hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa na la kusema mpaka kikao kikafungwa.

7. Kila azimio lipewe jina la mtu na tarehe. "Kamati itafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia.

8. Katibu akihamishwa, faili huhama naye. Wekeni nakala kwa mjumbe wa upande wa wazazi, na mhakikishe anaisoma, maana wengine huipokea kwa mikono miwili na kuifungia kabatini.